Kaka amejenga kwenye shamba la urithi

Swali: Baba alifariki akatuachia shamba Bugesera. Sisi ni watoto wanne, wasichana watatu. Kaka yetu amejenga nyumba humo bila kutushirikisha na bila kibali. Anasema mabinti hatuna fungu. Tufanye nini? *Msomaji, Remera*

Jibu: Pole, dada. Kaka yako amekosea. Tangu 1999 sheria ya Rwanda inawapa watoto wa kiume na wa kike haki sawa ya urithi, na sheria ya 2016 iliisisitiza haki hiyo.

Anzeni na hati ya ardhi. Angalieni namba ya utambulisho wa kiwanja (UPI), jina lililoandikwa na matumizi yaliyoruhusiwa. Kisha iteni baraza la ukoo, mwandike makubaliano, kila mmoja atie sahihi. Njia ya amani ni nyumba ihesabiwe ndani ya fungu la kaka, mradi mafungu yenu yasipungue.

Mkishindwa, nendeni kwa Abunzi, yaani kamati ya wapatanishi, wa akagari (seli) shamba lilipo. Wapatanishi hawa hawatozi ada, na mgogoro wa ardhi yenye thamani ndogo hupita kwao kabla ya mahakama.

Kibali ni jambo jingine. Maafikiano ya ndugu hayahalalishi ujenzi, hasa kama ardhi ni ya kilimo. Kaka asimamishe kazi leo, aende wilayani kuuliza. Nyumba ikibomolewa, hasara ni ya wote.

Msidai haki kwa matusi. Mama yenu kama yu hai, haki zake zitangulie.