Nani Anatumia Kompyuta ya Duka Lako? Ikague kwa Dakika Tano

Je, unafungua taarifa za malipo ya till yako kwenye kompyuta ya duka? Basi matapeli pia wanaitamani kompyuta hiyo. Mtu anakupigia simu akijifanya wa huduma kwa wateja, anadai kuna muamala umekwama, kisha anakuomba uweke AnyDesk au TeamViewer "ndio akusaidie". Programu hizi ni halali na mafundi huzitumia kila siku. Lakini ukimruhusu tapeli aingie, ataona kila kitu kwenye skrini yako na hata kubofya kwa niaba yako.

Habari njema ni kwamba kompyuta yenyewe inaweza kukuambia ni programu gani zinaendelea kufanya kazi. Kama unatumia Windows, fuata hatua hizi:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, halafu Enter. Dirisha jeusi litafunguka.

2. Andika:
tasklist
Utapata orodha ndefu: jina la programu, nambari yake ya PID, na kumbukumbu inayotumia. Usichanganye PID na PIN! PID si siri. Ni nambari ambayo kompyuta huipa kila programu inapoanza. Usishtuke pia ukiona chrome.exe au svchost.exe mara nyingi, hiyo ni kawaida.

3. Ili usisome orodha yote, tafuta moja kwa moja:
tasklist | findstr /i "anydesk teamviewer"
Kama hakuna kitu kinachotokea, programu hizo mbili hazifanyi kazi kwa sasa.

4. Zikitokea na hukuziwasha wewe, zima Wi-Fi kwanza ili mtu huyo akatike. Kisha andika jina kama ulivyoliona kwenye orodha:
taskkill /f /im AnyDesk.exe
Ukikataliwa, funga dirisha, tafuta cmd tena, bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Run as administrator.

Usizime programu usiyoijua kwa kubahatisha. Nyingine ni za Windows yenyewe, na ukizigusa kompyuta inaweza kuzima ghafla.

Kuzima pekee hakutoshi, kwani programu inaweza kujiwasha tena. Nenda Settings, kisha Apps, uiondoe kabisa. Halafu, ukitumia simu au kompyuta nyingine, badilisha nywila zako na PIN, kagua miamala ya karibuni, na utupigie kupitia nambari yetu rasmi.

Kumbuka pia, orodha safi si hakikisho, maana programu mbaya inaweza kujipa jina la kawaida. Kinga kubwa ni wewe. Mhudumu wetu hatakuomba PIN, wala hatakuambia uweke programu ya kumwonyesha skrini yako. Ukiombwa, kata simu.