Mstari Mwekundu Ukutani

Mvua za Novemba zikishaanza Kasulu, tazama ukuta wa darasa lolote lililopakwa chokaa. Chini, kwenye usawa wa goti la mtoto, utakuta mstari mwekundu wenye madoadoa. Kwa miaka mingi niliuona ni uchafu tu, nikawaagiza wanafunzi wausugue. Sasa somo langu la udongo linaanzia hapo. Nawatoa darasa la tano nje na rula zao, nawauliza: udongo huu umepandaje ukutani?

Siwapi jibu. Wanapima kimo cha madoa upande wa uwanja mtupu, kisha upande wenye nyasi. Penye nyasi chokaa bado ni nyeupe. Baada ya ubishi mrefu yupo atakayesema ni tone la mvua limeurusha. Basi tunatoboa kopo, mtoto anasimama juu ya kiti na kudondosha maji kwenye udongo mkavu, pembeni tumetandaza karatasi nyeupe. Karatasi ikishapata madoa, ubishi umekwisha.

Linalowachanganya zaidi ni tofauti ya mambo mawili: mwamba kuvunjikavunjika ukiwa palepale ulipo, na vipande vyake kuchukuliwa kwenda kwingine. La kwanza naliita kuchakaa kwa mwamba, la pili ni mmomonyoko. Tofali linawasaidia kuliko maelezo yangu. Kasulu hatukosi tofali. Chukua vipande vya tofali bichi na vya tofali la kuchoma, uvitie katika makopo mawili yenye maji na mfuniko, watoto watikise kila kopo mara mia mbili huku wakihesabu kwa sauti. La bichi linageuka uji, la kuchoma linatoa vumbi kidogo. Huko ni kuchakaa. Mwaga sasa maji hayo kwenye ubao ulioinamishwa: huo ni mmomonyoko. Tangu nianze kufanya hivi, ni wachache mno wanaochanganya maneno hayo kwenye mtihani.

Wengi wao wamewaona wavunja kokoto wakikoka moto juu ya jiwe kubwa kisha kulimwagia maji ya baridi. Nje ya jiwe hutanuka na kusinyaa upesi kuliko ndani, likapasuka. Waeleze, wachoree, lakini usilifanye jaribio hilo na watoto. Niliwahi kuweka jiwe la mtoni motoni. Maji yaliyokuwa ndani yake yaligeuka mvuke, likalipuka, na kipande kikapita karibu na uso wangu. Badala yake tumia chumvi. Loweka kipande laini cha tofali katika maji ya chumvi kali, kianike juani, urudie kila siku. Chumvi ikikauka inaganda ndani ya vitundu na kuvisukuma, ngozi ya tofali ikaanza kubambuka. Na chumvi yenyewe ina hadithi ya nyumbani. Visima vya Uvinza, pale Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, hutoa maji yaliyoyeyusha chumvi ya miamba ya chini ya ardhi, na watu wameichemsha hapo tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtoto akijua kwamba chumvi ya mboga imetoka kwenye mwamba ulioyeyuka, kuchakaa kwa miamba hakuwi tena kwake kitu cha kitabuni.

Kosa langu kubwa la miaka ya mwanzo lilikuwa kumwita mzee wa kijiji mwishoni, kama pambo la somo. Sasa nakwenda kwake kwanza. Waha wa huku wanawakumbuka bateko, wazee wa koo waliokuwa na mamlaka ya kugawa ardhi na kuiombea, hata wakati mwami, yaani mfalme wao, alipotawala Heru. Kwa hiyo kumuuliza mzee habari za udongo ni kumuuliza mwenye kazi yake. Watoto wanamsalimu kwa makofi kama desturi inavyotaka, wanakaa chini ya mgomba, na wanakuwa na swali moja tu: kwa nini babu hufagii shamba lako? Babu aliyetupokea mwaka jana alinyamaza, akafunua majani makavu chini ya migomba, akamwambia mtoto aingize kidole. Kiliingia chote. Kisha akatupeleka kwenye njia ya ng'ombe, kidole hakikuingia hata ukucha.

Tuliporudi shuleni tulilipima jibu lake. Kata chupa tatu kubwa za maji kwa urefu, zijaze udongo uleule. Ya kwanza iache tupu, ya pili itandike majani makavu, ya tatu ipande nyasi wiki tatu kabla. Ziinamishe sawa, mwagia kila moja kikombe kimoja cha maji, kinga yanayotoka mdomoni. Kikombe cha chupa tupu kinakuwa kama chai ya maziwa, kile cha nyasi kinakaribia kuwa safi. Usiimwage ile chai. Iache ilale, asubuhi wapime tope lililotuama.

Nikiwa na kipindi cha ziada, tunafinyanga kilima kidogo cha udongo na kutengeneza ngoro za Wamatengo wa Mbinga: nyasi zinalazwa kwa mistari inayokatana, zinafukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba, na shimo linalobaki linashika maji. Wamelima hivyo kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya karne moja, kwa mbinu waliyoibuni wenyewe. Nawaambia pia kwamba Waluguru walipolazimishwa na serikali ya kikoloni kuchonga matuta ya ngazi, waliikataa kazi hiyo hadi zikazuka ghasia mwaka 1955. Nadhani mtoto wa darasa la tano ana umri wa kuelewa habari hizo mbili kwa pamoja.

Kazi ya mwisho haitaki chupa. Karibu na shule yetu kuna korongo linalomwaga maji upande wa Ruchugi. Kutoka huko tope linaweza kuingia Malagarasi na hata kufika Ziwa Tanganyika. Novemba tulichomeka kigingi hatua tatu kutoka ukingo wa juu wa korongo, na kila mwisho wa mwezi zamu moja ilikwenda kupima na mwalimu, watoto wakisimama mbali na ukingo. Mwezi wa Aprili zamu ilirudi mbio: kigingi kilikuwa chini korongoni. Jioni hiyo watoto wanne walikwenda kwa babu, wakamwomba mapando ya majani ya tembo.