Mazungumzo Mafupi ya Ushauri: Kujizoeza na Mwenzi wa Kujifunza

Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, ni njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dereva anayetumia dawa za kufubaza VVU huweza kufika kliniki akiwa na dakika chache tu kabla ya kuvuka kwenda Nakonde. Dakika hizo zikiishia katika karipio, huenda asirudi tena; na dozi zikiendelea kurukwa, virusi huzaliana na huweza kuwa sugu kwa dawa.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, alieleza namna ya mazungumzo aliyoiendeleza baadaye pamoja na Stephen Rollnick. Msingi wake ni kwamba mtu hushika zaidi sababu anazozitamka mwenyewe kuliko zile anazohubiriwa. Mhudumu huuliza swali lisilojibika kwa "ndiyo" au "hapana", hurudia kwa maneno yake alichosikia, hutambua juhudi za mgonjwa, kisha hufupisha yaliyokubaliwa. Stadi hizi hazipatikani kwa kusoma tu, huhitaji mwenzi.

Zoezi

Wahudumu wawili hutenga dakika 15. Kwa dakika 5 mmoja huwa mgonjwa na mwingine mhudumu. Dakika 2 hufuata za mrejesho, kisha hubadilishana nafasi. Kisa kiwe cha kubuni. Habari za mgonjwa halisi zisitumike.

Mfano

Mhudumu: Kaka, ukiwa safarini dawa unazimezaje?

Dereva: Nyumbani sina shida, dada. Njiani utingo yuko nami usiku kucha, sitaki azione.

Mhudumu: Kumbe nyumbani unaweza. Njiani kinachokukwamisha ni hofu ya utingo kujua.

Dereva: Hasa. Labda nimeze asubuhi, anapokwenda kutafuta chai.

Mhudumu: Umepata njia. Saa hiyo utaiweza kila siku, hata ukiwa nyumbani?

Mhudumu asiyejizoeza angekimbilia kuonya juu ya usugu wa virusi, jambo ambalo huenda dereva analijua tayari. Kikwazo chenyewe kisingetajwa, na dereva angeondoka nacho.

Mrejesho

Aliyekuwa mgonjwa huanza: sentensi ipi ilimfanya aseme zaidi, na ipi ilimfunga mdomo? Kisha wawili hao huchagua jambo moja tu la kurekebisha katika zoezi lijalo. Mengi kwa pamoja huvunja moyo.

Kwa mgonjwa

Mgonjwa naye aweza kujizoeza na ndugu anayemwamini kutamka kikwazo chake kwa sentensi moja: "Huwa naruka dozi ninapolala foleni mpakani." Msafiri aulize pia kama anastahili kupewa dawa za miezi kadhaa. Dozi iliyorukwa si aibu ya kufichwa. Ni habari ambayo mhudumu anaihitaji ili tiba ifanikiwe.