Dondoo muhimu: Uchovu na mazoezi wakati wa matibabu ya saratani

Uchovu wa tibakemikali au mionzi hauishi kwa kulala pekee. Mazoezi mepesi huupunguza.

• Zungumza na daktari kwanza, hasa kama saratani imefika kwenye mifupa au una upungufu wa damu.

• Anza kwa kutembea dakika 5 hadi 10, kabla jua halijawa kali. Ongeza taratibu hadi dakika 30, mara 3 kwa wiki. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuongea bila kuhema.

• Mara 2 kwa wiki imarisha misuli: keti kitini na kuinuka, mara 8 hadi 10.

• Tunza nguvu zako. Menya viazi ukiwa umeketi. Kuchota maji na kufua waachie ndugu. Kukubali msaada ni sehemu ya tiba.

• Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, ili usiku ulale vizuri.

• Siku za baada ya dripu ya tibakemikali, punguza mazoezi wala usijilaumu.

• Kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, acha mara moja na umwone daktari. Homa ikifika nyuzi 38, usifanye mazoezi. Wahi hospitali, hata kama ni usiku.