Farrokh Bulsara wa Unguja

Kila tarehe 5 Septemba watu wa nchi nyingi hukumbuka kuzaliwa kwa mwimbaji mmoja wa muziki wa roki, ambaye wengi hudhani alikuwa Mwingereza wa asili. Dunia humwita Freddie Mercury. Jina alilopewa na wazee wake ni Farrokh Bulsara, naye alizaliwa Unguja mjini mwaka 1946. Kwa kuwa siku hiyo huangukia katika muhula huu, nimeona vema kuwaeleza habari zake, hasa ninyi wa Kidato cha Kwanza mlionibishia darasani kwamba gitaa la umeme halikupata kumhusu mtu wa pwani yetu.

Wazee wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Bara Hindi, na baba yake alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Mtoto alipotimiza miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India. Huko alijifunza piano, akaunda bendi na wenzake wanne. Walimtania kwa ajili ya meno yake yaliyotokeza mbele. Baadaye, alipokuwa tajiri wa kuweza kuyang'oa, alikataa, kwa kuogopa kuiharibu sauti yake. Alirudi Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa yote ilihamia Uingereza. Huko alisoma sanaa ya uchoraji. Bendi ya Queen ilipoanzishwa mwaka 1970, nembo yake aliichora yeye.

Sasa tuutazame wimbo wake wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody. Una urefu wa karibu dakika sita, wakati nyimbo za redio zilikuwa za dakika tatu hivi, wala hauna kiitikio cha kurudiwa. Huanza kwa sauti tupu, hufuata piano ya taratibu, kisha gitaa, kisha kwaya ya namna ya opera, kisha ghasia za roki, mwisho hutulia. Ile kwaya kubwa ni watu watatu tu, waliorekodi sauti zao tena na tena juu ya utepe mmoja. Na ndani yake mna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulisema kabla ya kula!

Tarehe 13 Julai 1985 aliimba Wembley, London, mbele ya watu wapatao 72,000, katika tamasha la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia. Queen walipewa dakika 20 hivi. Katikati aliacha nyimbo, akatoa sauti peke yake, na uwanja mzima ukamjibu. Wazee wetu wa Tarime hawatastaajabu. Mpiga iritungu, kwa nyuzi zake nane, hufanya hivyo hivyo: huita, nao waliokaa humwitikia. Huyo hakuhitaji umeme.

Alikufa London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45. Siku moja tu kabla ya kufa ndipo alipotangaza kwamba ana UKIMWI. Dawa za mseto zilianza kutumika mwaka 1996, naye hakuzifikia. Leo hutolewa bure katika hospitali na vituo vya afya vya serikali. Na bado wapo watu wanaonyamaza kama alivyonyamaza yeye, kwa kuogopa majirani. Wenzake wa bendi walifanya tamasha Aprili 1992, na kwa fedha zake wakaanzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo.

Kwao Unguja hakupokewa na wote. Mwaka 2006 sherehe ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipingwa na kundi moja la dini kwa sababu ya mwenendo wake, ikaachwa. Mimi naona mtu aweza kukataa mwenendo wa mwimbaji bila kumfuta katika mji aliozaliwa. Mwaka 2019 makumbusho yake yalifunguliwa Shangani, katika Mji Mkongwe, nayo yana picha za utoto wake.