Kulala Porini

Nchi ya Buha, yaani Kasulu na Kibondo, ni nchi ya vilima na mabonde. Juu ya vilima yako mashamba ya migomba, mihogo na maharage, na usiku huko una baridi kuliko Kigoma kando ya ziwa. Mtu akiteremka huingia katika mapori ya miyombo. Mto Malagarasi huanzia katika milima iliyo karibu na mpaka wa Burundi, huzunguka sana barani, kisha hugeuka magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika.

Mapori hayo yana mafunzo mengi: ndege, nyuki, miti ya dawa, nyayo za wanyama, na nyota za usiku. Kwa sababu hiyo walimu huwapeleka wanafunzi wakalale huko usiku mmoja au miwili. Lakini pori halina ukuta wala mlango. Shuleni mtoto huongozwa na kengele. Porini huongozwa na adabu yake.

KUGAWANYIKA NA KUHESABIWA. Mwaka wa 1907 Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri katika nchi ya Kenya, aliwapeleka wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wakapiga kambi. Aliwagawanya katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake. Desturi hiyo ni njema hata leo. Katika watu arobaini, mmoja akipotea haonekani upesi; katika watu watano, pengo lake huonekana mara moja. Kwa hiyo kila kikundi huhesabiwa wakati wa kuondoka, kila baada ya kuvuka mto, jioni kabla ya kulala, na alfajiri. Mtoto asiitike kwa niaba ya mwenzake. Anayeitika hivyo kwa mzaha humficha aliyepotea.

ASIENDE MTU PEKE YAKE. Kaskazini ya mji wa Kigoma iko Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka wa 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanafunzi mmoja kutoka Marekani aliwafuata sokwe msituni akiwa peke yake, akaanguka gengeni, akafa. Watu walimtafuta siku kadhaa kabla ya kumwona. Tangu hapo ikawa sheria kwamba mchunguzi asiingie msituni peke yake, bali afuatane na mwenyeji anayeijua nchi. Mwanafunzi huyo hakuwa mtoto wala mjinga. Aliyekosekana ni mtu wa pili, wa kukimbia kuita msaada. Basi mtoto anayekwenda kuteka maji, kutafuta kuni au kujisaidia, hata usiku wa manane, na amwamshe mwenziwe, wachukue tochi, waende pamoja. Anayeamshwa asinung'unike, maana kesho ataamsha yeye.

Mtoto akipotea, asikimbie huku na huko. Akae mahali pamoja palipo wazi, apige filimbi au aite mara tatu, anyamaze kidogo na kusikiliza, kisha aite tena. Anayetulia hupatikana upesi kuliko anayetangatanga.

MBUNG'O. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale uliwasumbua sana watu wa Buha, hata serikali ya wakati ule ikawahamisha wengi kutoka porini na kuwakusanya katika vijiji vikubwa. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o. Mdudu huyu huuma mchana, hufuata kitu kinachokwenda, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Kwa hiyo mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi sketi na kaptura za buluu za shule si nguo za porini. Yafaa kuvaa nguo za rangi ya udongo, nzito, zenye mikono mirefu. Usiku adui ni mbu wa malaria, na kinga yake ni chandarua. Mtoto akipata homa baada ya safari, hata kama wiki mbili zimepita, na aende hospitali, amwambie mganga kwamba alikuwa porini. Pasipo neno hilo mganga aweza kuitibu malaria tu, na malale ikazidi mwilini.

MOTO. Wakati wa kiangazi majani ya miyombo hukauka kabisa, na cheche moja yatosha kuteketeza pori pamoja na mizinga ya nyuki ya watu. Mahali pa moto pafyekwe mpaka udongo uonekane, na asubuhi moto umwagiwe maji na kukorogwa hata majivu yawe baridi mkononi. Iko hatari nyingine, nayo huja kwa ajili ya baridi. Mtu huona vema kuingiza jiko la mkaa hemani ajipatie joto. Hewa ya mkaa ina sumu isiyo na harufu, nayo huua watu katika usingizi. Joto la hemani ni blanketi, wala si moto.

MTO NA NYOKA. Kambi isipigwe ukingoni mwa mto, kwa kuwa mamba hukaa majini, na kiboko hutoka usiku kwenda malishoni. Maji ya kunywa yachemshwe. Mvua ya radi ikija, watoto waondoke chini ya miti mirefu na juu ya vilima. Mtu akiumwa na nyoka asikatwe kwa wembe, jeraha lisinyonywe, wala kiungo kisifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikisike, achukuliwe upesi hospitali. Imempasa mwalimu kujua kabla ya safari ni hospitali gani iliyo karibu, na atampelekaje mgonjwa huko.

UTII NA UKWELI. Wahenga walisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ni kweli, lakini utii si kunyamazia uovu. Wavulana hulala mbali na wasichana, na kila upande una mlezi wake. Kama mtu mzima, awaye yote, akimwita mtoto faraghani usiku, au akimwambia, "Hili ni siri yetu, usimwambie mtu," mtoto huyo akatae, arudi kwa wenzake, akamwambie mwalimu mwingine au wazazi wake. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Tena mtoto aliyeona kosa la mwenzake linaloweza kuleta kifo, kama kuogelea kwa siri, akimwambia mwalimu si mchongezi. Ni mlinzi wa kambi.

Safari huisha pale jina la mwisho linapoitwa shuleni na mwenye jina akaitika kwa kinywa chake mwenyewe.

MASWALI
1. Kwa nini vikundi vidogo ni bora kuliko kundi moja kubwa?
2. Ni sheria gani iliyowekwa Gombe, na kwa sababu gani?
3. Kwa nini nguo za buluu hazifai katika pori lenye mbung'o?
4. Mgonjwa wa homa amwambie nini mganga baada ya safari?
5. Kuna hatari gani ya kuingiza jiko la mkaa hemani?
6. Eleza tofauti kati ya mchongezi na mlinzi.