SOMO: MTOTO WA JICHO, LENZI YA KUPANDIKIZWA, NA WAJIBU WA CHAMA



Mkaguzi afikapo chamani hutazama daftari, stakabadhi na fedha taslimu. Lakini iko hasara moja isiyoandikwa katika daftari lolote. Ni mwanachama aliyeacha kuja mkutanoni kwa sababu haioni njia. Ni mshika fedha ambaye tarakimu zimemfifilia. Ni mama wa mwani asiyeweza tena kuufunga mwani kwenye kamba. Ni mchumaji wa karafuu asiyethubutu kupanda mkarafuu. Wazee hawa huambiwa kuwa huo ni utu uzima, nao huachwa barazani. Kumbe wengi wao wana mtoto wa jicho, na maradhi hayo yana tiba.

Somo hili lina makusudio matatu: kueleza maradhi yenyewe na tiba yake, kutoa hesabu ya haki ya matokeo, mazuri na mabaya, na kuonesha kazi ya chama kabla ya operesheni na, zaidi ya hayo, baada yake.

1. Maradhi yenyewe

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi, nayo ni kitu kiangavu kilichomo ndani ya kifuko chembamba mno. Kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuutua juu ya retina, yaani utando wa nyuma unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Lenzi ikiingia ukungu, mwanga haupiti sawasawa. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Si ngozi iliyoota juu ya jicho, wala hauambukizi.

Sababu kubwa ni umri. Nyingine ni kisukari, jicho kuumia, na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa, hasa zile za jamii ya steroidi. Mara nyingine mtoto mchanga huzaliwa nao. Dalili yake ni kuona kunakofifia polepole pasi na maumivu, na mwanga wa jua au wa taa za gari kumsumbua mtu kupita kiasi.

Hakuna matone, asali wala majani yanayoweza kuuondoa ukungu huo. Kutia vitu hivyo machoni huweza kuleta vidonda na kuharibu hata kile kilichobaki. Tiba ni moja tu, nayo ni operesheni.

Hata hivyo, si kila asiyeona vyema ana mtoto wa jicho. Presha ya jicho huua mshipa wa fahamu wa jicho, na uoni uliopotea kwa sababu hiyo haurudi. Jicho jekundu lenye maumivu makali, au uoni uliopotea ghafla, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika mtoto mwenye weupe ndani ya mboni asingojee akue, kwani ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na nafasi hiyo ikipita hairejei.

2. Asili ya lenzi ya kupandikizwa

Watu wa kale waliisukuma lenzi yenye ukungu kwa sindano hadi ikaanguka ndani ya jicho. Mnamo mwaka 1000 hivi, tabibu Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Misri, aliandika namna ya kuufyonza ukungu kwa sindano yenye tundu. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel aliitoa lenzi nje kwa kulipasua jicho. Lakini mtu aliyetolewa lenzi alibaki bila ya lenzi, akalazimika kuvaa miwani mizito. Miwani hiyo ikivunjika au ikipotea, upofu ulimrudia.

Mabadiliko makubwa yalitokea London. Katika Vita Kuu ya Pili daktari Harold Ridley aliwatazama marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege zao, akaona kuwa jicho halikukataa plastiki ile. Mwezi wa Novemba 1949 alimtia mgonjwa lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Lenzi ilikaa, lakini nguvu yake ilikuwa kubwa mno, na mgonjwa akawa haoni mbali bila ya miwani. Hapo likapatikana funzo linalotumika hadi leo: haitoshi kutia lenzi, sharti itiwe iliyopimwa.

Kwa miaka mingi lenzi hizo zilikuwa ghali, na wagonjwa wa nchi masikini walizikosa. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianzishwa Madurai, India, kikashusha bei hadi dola chache tu kwa lenzi moja. Mwaka 1994 viwanda vingine vilifunguliwa Kathmandu na, karibu zaidi nasi, Asmara katika Eritrea, kwa juhudi iliyoanzishwa na daktari Fred Hollows. Sisi wa ushirika tutalifahamu jambo hili upesi: bei haikushuka kwa kuombwa, ilishuka kwa kuzalisha wenyewe na kwa wingi.

3. Operesheni inavyofanyika

Kwanza mgonjwa hupimwa uoni, presha ya jicho na sukari. Kisha hupimwa urefu wa jicho na mviringo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ili ijulikane nguvu ya lenzi inayomfaa. Siku ya operesheni jicho husafishwa kwa dawa ya iodini na kutiwa ganzi; kwa watu wazima aghalabu hapana haja ya kulazwa usingizi. Daktari hufungua tundu dogo, huitoa lenzi yenye ukungu, hukiacha kifuko chake, na ndani ya kifuko hicho huiweka lenzi mpya.

Njia zinazotumika sana ni mbili. Katika ya kwanza, lenzi ya zamani husagwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa kupitia tundu la milimita 2 au 3. Njia hii huhitaji mashine ya gharama. Katika ya pili lenzi hutolewa nzima kwa mkono, kupitia tundu la milimita 6 au zaidi kidogo lililokatwa kwa namna ya kujifunga lenyewe, aghalabu bila ya kushonwa. Mwanachama asidhani kuwa hii ya pili ni tiba ya masikini. Mikononi mwa daktari aliyezoea, matokeo yake hukaribiana sana na yale ya mashine.

Wazee walikuwa wakiambiwa wangoje hadi ukungu "uive". Ushauri huo umepitwa na wakati. Kungoja mno huufanya ukungu kuwa mgumu, operesheni ikawa nzito, na mara nyingine lenzi huvimba na kupandisha presha ya jicho.

4. Hesabu ya matokeo

Uoni hupimwa kwa ubao wa herufi. Mwenye 6/18 huona kwa umbali wa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 18. Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na kutumika kwa miaka mingi, ni kuwa baada ya operesheni watu wasiopungua 80 katika kila 100 wafikie 6/18 au zaidi kwa miwani waliyonayo, na wanaobaki chini ya 6/60 wasizidi 5. Katika miaka ya karibuni kiwango cha uoni mzuri kimepandishwa hadi 6/12.

Tuigeuze hesabu hiyo iwe ya chama. Wanachama 20 wakipasuliwa, tutarajie kuwa 16 au zaidi wataona vyema, watatu wataona kwa wastani, na mmoja huenda asifaidike. Huyo mmoja ndiye wa kuzingatiwa. Kijijini mtu mmoja aliyepasuliwa na asione huwafungia nyumbani watu kumi. Katibu aliyewaahidi wote kuwa "wataona kama vijana" hatakuwa na la kujibu. Katibu aliyeieleza hesabu tangu mwanzo ataaminiwa.

Tena, lenzi mpya hainyumbuki. Kwa kawaida huwekwa kwa ajili ya kuona mbali, hivyo mshika fedha atahitaji miwani ya kusomea. Hiyo si dalili ya operesheni kuharibika.

5. Madhara yanayoweza kutokea

(a) Kifuko cha lenzi kupasuka wakati wa operesheni. Daktari hulishughulikia hapo hapo, lakini mgonjwa huyo huhitaji kuangaliwa zaidi.

(b) Konea kuvimba au presha ya jicho kupanda katika siku za mwanzo. Mara nyingi hutulia kwa dawa.

(c) Vijidudu kuingia ndani ya jicho. Ni nadra: katika hospitali zenye utaratibu mzuri humpata takriban mtu mmoja katika elfu, au pungufu. Lakini huweza kuliua jicho kwa siku chache. Dalili zake ni maumivu yanayozidi, wekundu unaozidi na uoni unaopungua, hasa katika juma la kwanza. Mgonjwa asingojee siku ya miadi.

(d) Retina kubanduka. Mtu huona vimulimuli, vijidoa vingi au kivuli kama pazia. Hii pia ni dharura.

(e) Ukungu wa pili. Baada ya miezi au miaka kifuko kilichobaki huweza kufifia. Watu husema "mtoto wa jicho amerudi", lakini harudi, kwa kuwa lenzi ya zamani haimo tena. Ukungu huu hufunguliwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila ya kupasuliwa.

6. Wajibu wa chama

Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2005 ulionesha kuwa uamuzi wa kupasuliwa haumo mikononi mwa mgonjwa peke yake, bali hufanywa katika familia. Na wazee huona haya kuwaomba watoto wao. Wanawake, ambao aghalabu hawashiki fedha za nyumba, hunyimwa nafasi zaidi. Basi chama kizungumze na familia nzima.

Kutoka Nungwi au Makunduchi, kwenda kitengo cha macho cha Hospitali ya Mnazi Mmoja na kurudi hula siku nzima, na mgonjwa huhitaji mtu wa kumshika mkono. Safari ya kwanza hupata wafadhili. Ya pili na ya tatu, za kuangaliwa, ndizo zinazoachwa. Kwa hivyo mkopo mdogo au msaada wa nauli uhesabiwe kwa safari zote tangu mwanzo. Madaktari wageni wakija na kuondoka, katibu aulize mapema: nani atawatazama wagonjwa baada ya wageni kuondoka?

Dawa ya matone hutumiwa kwa majuma kadhaa, aghalabu manne. Mgonjwa asilisugue jicho, asioge baharini, asibebe mizigo mizito, wala asiingie shambani kwenye vumbi hadi aruhusiwe. Akitawadha, maji yasiingie jichoni. Na daktari akimkataza kuinama, sheria inamruhusu mgonjwa kuswali kwa kukaa. Katika Ramadhani asiache dawa: kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi visiwani, kinachotiwa jichoni hakifunguzi saumu.

Katibu afungue daftari dogo lenye safu sita: jina, jicho lililopasuliwa, tarehe, uoni kabla, uoni siku ya pili, uoni baada ya majuma manane. Safu ya mwisho ikiwa tupu, kazi haijakwisha, kama vile mkopo usiofungwa kwa marejesho. Daftari hilo ni siri ya mgonjwa. Lisisomwe mkutanoni kwa majina.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Daktari ana kinga yake, familia ina yake, na chama kina yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika chama chenu, ni wanachama wangapi wameacha kuhudhuria kwa sababu ya macho? Nani kati yao hajawahi kupimwa?
2. Mwanachama aliyepasuliwa analalamika siku ya nne kuwa jicho linamuuma zaidi kuliko jana. Katibu afanye nini, na katika saa ngapi?
3. Fanyeni hesabu ya nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake kwa safari nne. Fedha hizo zitatoka wapi?
4. Mtamjibuje anayesema, "Fulani alipasuliwa na hakuona"?